Fundi Asiyewahi Kukata Kitambaa Kipya

Nilijifunza ushonaji katika miaka ambayo vitambaa havikuwepo. Cheka tu, hata mimi nikikumbuka hucheka. Mama yangu alikuwa na cherehani cha mkono nyumbani kwetu Butiama, na kijiji kizima kilimwita fundi, lakini nguo mpya hatukushona. Rafu za duka la ushirika zilikuwa tupu. Siku khanga zilipofika, watu walipanga foleni tangu alfajiri na wengi wakarudi nyumbani na kiberiti tu. Kwa hiyo sisi tulikuwa mafundi wa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Kola ikichakaa tunaifumua, tunaigeuza, tunairudishia. Magauni mawili yaliyochoka yanazaa moja lenye nafuu. Shuka linakuwa shati, pazia linakuwa sketi, na mfuko wa unga unakuwa kaptura ya mtoto, maandishi yakiwa pale pa kukalia.

Kabla hajaniruhusu kugusa mkasi, mama alinifundisha jambo moja: ukipewa nguo, igeuze kwanza, utafute upande ambao haujapauka, kisha iinue kwenye mwanga uone palipolika. Nilifanya hivyo miaka na miaka, mpaka mikono ikawa inafanya yenyewe bila kuniuliza.

Halafu mambo yakaanza kufunguka. Wafanyabiashara wakaanza kushusha majora ya vitambaa Bunda, na shangazi yangu aliyekuwa akiishi Kabasa, karibu na hapo, akanitumia habari: kuna mzee mmoja Mwislamu, fundi wa siku nyingi, ana baraza la vyerehani kule Manyamanyama na anatafuta mtu wa kumsaidia. Nilifungasha nguo zangu mchana ule ule. Nilikitaka kile kiti mbele ya cherehani kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nikikikosa, shangazi alikuwa na mpango mwingine. Rafiki yake alikuwa anakwenda Buhemba kupikia wachimba dhahabu na alihitaji mwenzake wa kusonga ugali. Mimi ugali naupenda ukiwa kwenye sahani.

Asubuhi ya usaili shangazi alinifunga kilemba kwa mikono yake huku akinipa mafunzo.

"Mwanangu, mzee akikuuliza, wewe sema unajuaga kila kitu. Kukata, kushona, suti, shela ya bibi harusi. Kujua kutakukuta humo humo."

"Shangazi, mimi kitambaa kipya sijawahi kukata."

"Kwani mkasi unajua kama kitambaa ni mpya?"

 Tukaondoka pamoja, yeye mbele.

Pale barazani tulimkuta kijana mmoja amevaa tai, naye amefuata kazi ile ile. Mzee, kofia yake iliyodariziwa kwa mkono kichwani, alimuuliza ametokea wapi. Kijana akajibu kwamba Mwanza alishonaga suti, Nairobi alishonaga suti, na kwamba kuna mtu mkubwa, jina asingependa kulitaja, aliyeapishwa amevaa kazi yake. Mzee akampa kitambaa cha suruali cha bluu, upande mmoja unang'aa na mwingine hauna mng'ao. Kijana akakitandaza, akapiga chaki mara mbili tatu, akakata kwa mbwembwe huku akipiga mluzi. Mkasi ulikuwa unaruka. Nilimwangalia nikaona Buhemba hiyo inakuja.

Mzee akavipanga vile vipande mezani. Miguu yote ya suruali ilikuwa ya kushoto.

"Kijana," akasema kwa upole, "huyu mteja wako ana miguu miwili ya kushoto?"

"Mzee wangu, hiyo inategemeaga na mteja mwenyewe."

Wateja waliokuwa kwenye benchi walivunjika mbavu. Kijana mwenyewe alishindwa kujizuia, akacheka nao, akaaga kwa adabu, akaenda zake na tai yake. Nami nilikuwa nacheka mpaka nilipokumbuka kwamba anayefuata ni mimi.

"Binti, wewe umeshonea wapi?"

"Butiama, mzee. Kwa mama."

"Kukata unajua?"

Shangazi alinitumbulia macho kutoka kwenye benchi. Nilifungua mdomo nikiwa na neno "najua" tayari kwenye ulimi, na nadhani lingetoka kama nisingeuona ule mguu wa kushoto mwingine pale mezani.

"Mzee, kola naweza kugeuza hata unifunge macho. Kiraka changu nikikuwekea utakitafuta usikione. Lakini kitambaa kipya sijawahi kukata. Sisi kule hatukuwaga nacho."

Shangazi akakohoa kikohozi cha mtu anayezikwa.

Mzee aligeukia majora yake. Alinyoosha mkono, akakata kipande kwenye jora la maua mekundu, akanipa. "Haya, shika."

Nikashika. Na mikono yangu, bila kuniuliza, ikakigeuza kile kitambaa ndani nje kutafuta upande ambao haujapauka, kisha ikakiinua juani kuangalia palipolika.

Baraza zima lililipuka. Mama mmoja aliangusha kikapu chake cha dagaa. Nilitamani ardhi inimeze, mpaka nilipomwona mzee amevua kofia anajifutia machozi.

"Hata mimi!" akasema alipopata pumzi. "Wallahi, jora la kwanza lilipofika hapa nililigeuza hivyo hivyo. Mke wangu akaniuliza kama naumwa." Akavaa kofia yake. "Yule kijana ningekuwa namuuliza kila siku kama ameelewa, na kila siku angeniambia ndiyo. Wewe najua pa kuanzia. Kesho njoo mapema."

Nilirudi Kabasa nikitembea kama nimepakwa mafuta miguuni. Shangazi alinipita akakimbilia kwa majirani, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nimechukuliwa kwa sababu mimi ni fundi mzoefu, niliyebobea.

Mzee alinianzisha na karatasi za mifuko ya saruji. Nilikata suruali za karatasi, mashati ya karatasi, magauni ya karatasi ambayo upepo uliyapeleka barabarani na mbuzi wakayala. Nilipokosea alinitania, nikakata tena. Siku aliponiwekea kitambaa chenyewe, sketi ya shule, nilipima mara tatu. Halafu mkasi ukapita, laini, bila mshono wa mtu mwingine wa kuukwepa, na mimi nikacheka peke yangu kwa furaha.

Baada ya msimu wa pamba mama alikuja kunitembelea, amekumbatia kitambaa kipya alichonunua mwenyewe. Mzee alimpokea kwa heshima zote. Aliposikia kwamba huyu ndiye mwalimu wangu, akamsogezea meza na mkasi.

"Karibu, fundi mkuu. Tukatie wewe, na sisi tujifunze."

Watu kwenye benchi wakasogea kutazama. Mama aliushika mkasi. Alikitazama kitambaa, akapitisha kiganja juu yake, na kwa muda niliogopa kwa niaba yake, maana mwanamke huyu alikuwa akiitwa fundi tangu kabla sijazaliwa. Kisha akauweka mkasi chini taratibu.

"Kaka yangu, mimi nilikuwaga fundi wa viraka," akasema, sauti yake haina aibu hata kidogo. "Hii siiwezi. Anayejua ni huyu."

Sijawahi kumpenda mama yangu kama nilivyompenda dakika ile. Nilichukua utepe nikampima mabega, kifua, kiuno, naye akijikunja na kucheka kwa kutekenywa, mzee akijifanya anatazama barabarani. Nikatandaza kitambaa, nikachukua chaki. Mama akazunguka meza akaja kusimama ubavuni mwangu, akainama.

"Hapo kwenye bega umeanzaje?" akauliza. "Nionyeshe na mimi."

Nikasogea kidogo ili aone vizuri.