Chura Apata Choo

Mjukuu wa Bibi Thoa alizaliwa akanyonya vizuri, akalia vizuri, lakini choo wapi! Tumbo likavimba mpaka ngozi ikang'aa. Nyumbani walimwita Chura, maana ukimsifu mtoto mchanga unamwitia mashetani. Hata Bibi Thoa, mpika mikate ya mchele sokoni Nam Dinh, Vietnam, alimbusu huku akimtukana: "Sura mbaya kama babu yako!"

Daktari Khue, binti mwembamba wa wodi ya watoto, alieleza kwamba kipande cha mwisho cha utumbo hakina mishipa ya fahamu, hakisukumi kitu.

"Basi kikate leo, mwanangu."

"Bado, Bibi. Utumbo wa juu umetanuka mno. Tumsafishe kwa mrija wa njia ya haja kila siku, utumbo unywee, naye anenepe, ndipo tumpasue. Mkiacha kumsafisha, uchafu utamdhuru. Atakufa."

Bibi Thoa akajifunza: mrija, maji ya chumvi vuguvugu, mkono mwepesi. Mkamwana wake, Duyen, alifumba macho.

"Fumbua, wewe! Si umemzaa mwenyewe?"

Ikafika sherehe ya mwezi mmoja. Wakunga kumi na wawili wa mbinguni, ambao huko huaminiwa kuwa ndio humfinyanga mtoto tumboni, waliandaliwa wali wa kunata na uji mtamu. Bibi Thoa, pamoja na ubishi wake wote, akaona haya kumwaga uchafu karibu na meza yao.

"Asubuhi hii tumpumzishe," alisema. "Tutamsafisha wageni wakiondoka."

Lo, kosa gani hilo! Ubani ungali unafuka, Chura akatapika kijani. Tumbo gumu, mwili moto. Bibi Thoa aliwaacha wageni na vijiko mikononi, akarukia nyuma ya pikipiki ya mwanawe, mtoto kifuani.

"Nimemuua!" alilia njia nzima. "Nimemuua kwa usafi wangu!"

Khue hakumgombeza. Alimsafisha mtoto, akamtundikia dawa, akangoja. Homa ikashuka, tumbo likalainika, na baada ya wiki kadhaa, mtoto akiwa amenenepa, akasema, "Sasa wakati umefika."

Mtoto aliporudishwa kutoka chumba cha upasuaji, Bibi Thoa alifunua shuka akatafuta kidonda. Tumbo zima, halina hata mchubuko.

"Mmempasua wapi?" alimuuliza Khue.

"Tumepitia njia ya haja, Bibi. Tumeuvuta utumbo mbovu, tukaukata, tukaushona ule mzima mahali pake."

Bibi Thoa akavikodolea macho vidole vya yule binti. Machozi yakamtoka.

Baadaye, Bibi Thoa akiwa amempakata, Chura alijikunja, akawa mwekundu, akakaza. Mara ukasikika mlio, na joto likaenea kwenye suruali ya hariri ya bibi yake. Mrija haukuwepo, wala mkono wa mtu.

"Duyen," alinong'ona, "amesukuma mwenyewe."

Duyen alikuja mbio na kitambaa. Bibi Thoa akamzuia. Alikaa vilevile, amelowa, mpaka kila mama wa wodi ile alipokuja kuona.