Nambari ya Kuazimana

Nambari ya biashara yangu naijua kwa ghaibu, lakini hapa siiandiki. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Mimi ni mtu wa makuti. Shule niliacha darasa la tatu, kwa kuwa baba alitaka mtu wa kukwea minazi, si mtu wa kukariri hesabu. Sijuti. Nimeezeka mikahawa, misikiti, na vilabu ambavyo mimi mwenyewe siingii, na paa nyingi za hoteli kule Nyali zimepita katika mikono hii. Mwanzoni mwa miaka ya themanini meneja mmoja wa hoteli aliniambia hanunui tena kwa mtu asiyekuwa na cheti cha serikali. Wenzangu wa Kisauni walicheka. Walisema huyo atarudi mwenyewe, makuti hayaoti Ulaya. Mimi nikapanda treni. Nilikaa Nairobi kwa binamu yangu nikitetemeka baridi kama kuku aliyenyeshewa, hadi nikapewa karatasi yenye jina la biashara yangu na nambari yake. Nikaitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika bandani pangu kila aingiaye aione.

Sasa, Kisauni yetu ile, kitu chako hakikuwa chako peke yako. Asubuhi jirani huja na kigae kuomba kaa la moto, mchana akaja kuomba kinu, na wewe kesho ukaenda kwake kuomba ngazi. Ukimnyima mtu chumvi, mtaa wote utajua kabla ya adhuhuri. Basi jirani yangu, mjane aliyekuwa na biashara yake ya kushona makuti ng'ambo ya njia, alipokuja akasema, "Kaka, hoteli hawataki risiti zangu mpaka ziwe na nambari. Niazime yako," nilimwambia chukua. Nilimwambia mbele ya mke wangu. Kaa la moto halipungui kwa kuwasha jiko la jirani, ndivyo nilivyoona, na wallahi sikuona vibaya. Akaenda kuchapisha risiti: juu jina la biashara yake, chini nambari yangu.

Miaka ikapita. Mabanda mawili, nambari moja, na karatasi zetu zikalala makabatini bila kujuana.

Hata miaka ya tisini ilipokuwa yaisha, hoteli moja kubwa ya Nyali ikataka kuezekwa upya, ukumbi wa kulia chakula na vibanda vyote vya ufuoni. Kazi hiyo ilitosha kulisha mafundi wangu msimu mzima wa mvua, wakati watalii hawapo na watu hula mihogo mikavu. Nikavaa kanzu, nikaenda. Ofisini nikamkuta binti mmoja mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, mzee. Barua siku hizi hatupokei," akasema. "Ni fomu ya kwenye mtandao. Inakwenda makao makuu Nairobi kwa waya wa simu."

"Marahaba. Na mimi niende nayo?"

"Wewe keti tu. Taja, nitakuandikia."

Nikataja jina, mahali, kazi. Nikataja nambari. Akabonyeza, kioo cha kompyuta kikatoa maandishi mekundu.

"Inakataa," akasema.

"Inakataa nini?"

"Nambari."

"Nambari hiyo niliifuata kwa treni, mwanangu. Haiwezi kukataliwa na televisheni."

Akajaribu tena. Akaweka nafasi katikati, akaondoa nafasi. Nyekundu. Mimi nilikuwa nimekuja na fremu yangu, nimeizungushia kikoi isivunjike. Nikaifungua, nikaiweka juu ya meza yake. Akasoma kwenye cheti, akasoma kwenye kioo.

"Nambari yako ni sawasawa, mzee. Shida ni kwamba imo tayari. Hii fomu haikubali wauzaji wawili kwa nambari moja, na kuna mtu aliyekutangulia, tulimwingiza kutoka kwenye risiti zake."

Akageuza kioo upande wangu. Herufi kubwa nazijua. Lilikuwa jina la biashara ya jirani yangu.

"Cheti unacho wewe," binti akaendelea, sauti ameishusha. "Ukitaka, naandika sasa hivi kwamba ametumia nambari isiyo yake. Watamtoa. Lakini akitolewa hivyo, jina lake halitaingia tena kwenye hoteli yao yoyote. Na fomu zinafungwa kesho."

Nikamwambia angoje. Nikafunga fremu yangu.

Mimi si mtu laini. Njia nzima kutoka Nyali nilikuwa nimeshaamua atolewe. Nambari yangu, baridi nilipigwa mimi. Lakini kila nilipopita penye paa, nikawa naona kazi yake. Kila nilipopata kazi kubwa, nusu ya makuti niliyanunua kwake, maana hakuna aliyeshona kwa kubana kama yeye. Nimtoe, halafu mafundi wangu waezeke nini?

Nilimkuta mkekani na wanawake wake, wengi wao watu wa Kaloleni na Rabai, makuti yamewazunguka kama ua.

"Karibu, kaka. Uso huo, umefiwa?"

"Umenikalia kwenye kompyuta."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Sisi tumekaa chini hapa tangu alfajiri. Hiyo kompyuta twaipandia wapi?"

Nikawaeleza. Kicheko kikakatika. Jirani yangu akaweka sindano yake ya mti mkekani.

"Nambari uliniazima mwenyewe, mbele ya mkeo."

"Nilikuazima. Lakini kompyuta haijui kuazimana."

"Basi haijui watu."

"Haijui."

Akanitazama. "Utanitoa?"

Sindano zote zilikuwa zimesimama. Nikamwambia ukweli kama ulivyokuja: "Ukitolewa, hurudi. Jitoe mwenyewe kesho asubuhi. Kazi iingie kwa cheti changu, makuti yote yatoke kwako, na hilo liandikwe humo humo kwenye fomu. Kisha upande treni ukachukue nambari yako."

"Mimi sijapita Mariakani."

"Na mimi nilikuwa sijapita."

"Nikishajitoa ukanigeuka?"

"Chukua kinu changu na ngazi yangu, usirudishe."

"Kinu chenyewe kina ufa," akasema yule mwanamke aliyetania kompyuta, na hapo jirani yangu akacheka, nikajua tumeelewana.

Asubuhi yake tukaenda sote wawili. Akasimama mbele ya binti, mtandio ameukaza, akasema, "Nambari ile ni ya kaka yangu huyu. Niondoe mimi, umtie yeye." Binti akaandika, akaniandika mimi, na mahali pa maelezo akaandika kwamba makuti yatatoka kwa mama huyu. Safari hii hapakutoka nyekundu.

Kazi tukaipata. Alishona yeye, wakaezeka mafundi wangu, na mvua ya kwanza ilipokuja wapishi walisimama chini ya paa wakitazama juu wakingoja tone. Hakuna tone.

Baadaye alikwenda Nairobi, na koti langu kuukuu nililomwazima. Alirudi na cheti. Tukarudi kwa binti yule yule, akaandika nambari mpya tarakimu moja moja, akabonyeza.

"Imekubali, mama."

"Isome tena."

Akaisoma tena. Jirani yangu akaifuata kwa midomo mpaka ikamkaa.

Haukupita muda mrefu, nimekaa kwake nanywa kahawa, akaingia mwanamke mmoja aliyekuwa ameanza kushona makuti upande wa Frere Town. Akaona cheti ukutani, kimetiwa fremu kama changu. Akaomba aazimwe nambari.

Jirani yangu hakunitazama. "Moto nitakupa," akamwambia, "na ngazi, na koti la kusafiria. Nambari tafuta siku, twende nikakuoneshe inakochukuliwa."