Simu Kutoka Nyololo

Simu ya maandishi ilifika kijijini kwetu, mlimani juu ya mji wa Mbeya, wakati mahindi yanaanza kukauka. Jirani aliyetoka sokoni alipewa posta atuletee. Kaka yangu alikuwa utingo wa lori la kwenda Iringa, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyewahi kupokea simu.

Nilipewa mimi niisome kwa sababu nilifika darasa la sita. Yalikuwa maneno matatu ya Kiingereza: lorry crashed Nyololo. La kwanza nililijua, la mwisho nililijua. La katikati sikuwa nimefundishwa. Nikaingia ndani kuchukua kamusi yangu ndogo. Ilisema: kuanguka au kugonga kwa kishindo, kuvunjika.

"Lori limeanguka Nyololo," nikasema polepole. "Limevunjika."

"Na mwanangu?" mama akauliza.

"Haijasema."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Maneno yalikuwa yale yale matatu.

Kwetu mama mzazi haambiwi msiba moja kwa moja. Ataambiwa mtoto anaumwa kidogo, au gari limeharibika njiani, mpaka ndugu wafike wamshike. Kila mtu pale alilijua hilo. Kwa hiyo kila niliposema sijui, wao walizidi kujua.

Baba mdogo akanishika bega. "Inatosha, baba. Umesema vizuri."

"Lakini baba mdogo, kweli haijasema…"

"Nimekwambia inatosha."

Mama akaepua chungu cha maharage, akamwagia moto maji, akajifunga kitambaa kiunoni. Shangazi akapiga ukunga wa kwanza. Majirani wakaanza kupanda kilima na mikeka yao. Mmoja akaninong'oneza, "Mtoto wewe una moyo. Mimi ningelia hapo hapo." Nilikaa nyuma ya ghala, kamusi mapajani, nikitafuta lile neno tena, kana kwamba lingeongezeka kitu.

Siku ya tatu kaka akatokea njiani, mkono umefungwa kwa kipande cha shati. Lori liligonga ukingo wa daraja, akasema; wao waliruka.

Mama alikuwa amekwisha kunyolewa nywele kwa msiba. Alimpapasa kaka uso, mabega, akarudia uso. Kisha akanigeukia.

"Mbona hukuniambia kuwa hujui?"

"Nilisema, mama."

"Hukusema kwa nguvu."

Kweli, sikusema kwa nguvu.