Koti la Baba Halikuhitaji Sabuni

Mwanangu, kwa kuwa nawe umefiwa na baba na mama yako yumo katika majonzi, nikusimulie: kuna Jumamosi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani kujizaba kibao. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, hapa hapa mtaani Nyamirambo, mwenye haraka kuliko akili. Mama alikuwa amemaliza eda ya baba juzi yake. Mimi nikaona basi, msiba umekwisha, nyumba isafishwe.

Nikalitoa koti la baba kwenye msumari nyuma ya mlango, nikalifua, nikalipiga pasi, tayari kulitoa sadaka. Nilitegemea shukrani. Mama akalichukua, akaficha uso wake ndani, akavuta pumzi. Kisha akaniangalia.

"Umefua koti ya baba yako? Nani alikutuma?"

Harufu ile ya tumbaku na mafuta ya cherehani ilikuwa imekwenda na maji. Siku mbili mama hakula wala hakunisemesha. Niliogopa, nikadhani naye ananiponyoka.

Nikamkimbilia Mzee Shabani, fundi aliyeshona nguo kwenye baraza moja na baba miaka mingi. Nikamlalamikia kwamba eda imekwisha lakini mama hataki kutulia. Hata cherehani hakuisimamisha.

"Sikia, sha, binti yangu. Eda inahesabu siku. Machozi nani aliyahesabu? Rudi ukae naye. Akigomba, nyamaza."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kweli na mimi nilifiwa na baba, lakini sikufiwa na mume.

Nikarudi, nikakaa naye mkekani. Mama akagomba, tena sana, huku akilia. Alinigombeza mimi, akamgombeza hata marehemu, eti kamwachia mlima huu aupande peke yake. Nikauma ulimi. Ilipoadhiniwa alasiri akasema, "Leta chai." Hapo nililia kuliko yeye.

Kwa hiyo, mwanangu, mama yako akirudia kisa kimoja mara kumi, kisikilize na mara ya kumi. Akikasirika, usimwambie apige moyo konde. Hasira nayo ni kilio. Na kitu cha marehemu usikiguse kabla hujamuuliza.

Koti lile mama alilivaa asubuhi za baridi mpaka naye alipofariki. Sasa liko nyuma ya mlango wangu, linanukia yeye, na katika nyumba hii hakuna anayeruhusiwa kulifua.

Mungu akujaalie subira ya kukaa kimya, na mama yako akuombee dua siku zote atakazokuwa nawe. Amina.