Kumhamishia Mama Diski D

Nimerudi nyumbani Kanyenye juzi, na si kwa matanga. Matanga ya mama tulishamaliza. Baba ndiye aliyeniita. Alisema kwenye simu kwamba kompyuta ya sebuleni inawaka kwa shida, na kila ikiwaka inamwandikia kwamba diski C imejaa. Nikamwambia ampelekee fundi yeyote pale mjini. Akasema, "Fundi hamjui mama yako. Njoo wewe unitafutie picha yake."

Nikaelewa. Siku ya msiba tulikosa picha ya kuweka mbele ya jeneza, tukakuza ile ya kitambulisho, na wewe unazijua picha za kitambulisho zilivyo. Mama amekaza uso kama mtu anayengoja kugombezwa. Baba hakuipenda. Alitaka picha ya mama akicheka, mama wa wakati ule sisi tukiwa wadogo, aitundike ukutani. Alikuwa na hakika imo ndani ya kompyuta. Mimi hakika hiyo sikuwa nayo, lakini nilipanda basi kutoka Urambo nikaja.

Nikiitazama kompyuta ile leo, nachoka hata kabla sijaiwasha. Ni ile ile. Baba alikuwa fundi redio, aliipata kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihama, na tangu hapo ameifufua mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Baadaye alifungua nyingine mbovu, akatoa diski yake, akaifunga humo humo. Ndiyo maana yetu ina diski mbili. C ilikuja na mashine, ndiyo inayoiwasha. D ndiyo ya kuongezwa, na ikifanya kazi inatoa sauti ya mtu anayetafuna karanga kavu. Mimi nilikuwa mpangusa vumbi. Kila asubuhi, nikishateka maji na kufagia uwanja, nilikiondoa kile kitambaa cha kufuma alichoifunikia mama, nikapangusa kioo kwa upande wa kanga, nikakirudisha kitambaa vile vile, maua yakitazama mlangoni.

Baba alikuwa na kamera ndogo. Alipiga picha harusi za mtaani, vipaimara, mazishi, watoto wa watu wakiwa na viatu vipya. Zote ziliingia C, na C ilijaa upesi. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada, tukishakula, tulikusanyika mbele ya kioo kupunguza. Bibi, mama yake baba, alikuwa akija na treni kutoka Bukene na mfuko wa matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, na chupa ya asali iliyofungwa kwa gunzi. Tulitafuna matobolwa huku baba akifungua picha moja baada ya nyingine, na sisi tukisema "ikae" au "ifutwe". Mvua ikipiga kwenye bati ilibidi tupige kelele. Ifutwe! Ikae! Mpita njia angedhani tunagombana.

Jumapili moja ilitokea picha ya babu. Babu alikuwa amekwisha kufariki, na picha yenyewe ilikuwa ya giza, kofia tu ndiyo iliyoonekana vizuri. Kaka yangu akasema ifutwe. Bibi akaacha kutafuna.

"Mayo we! Huyo mkimfuta, mtampiga wapi tena? Aliye hai futeni tu, kesho atasimama mtampiga nyingine. Huyo mwekeni mbali na mikono yenu."

Baba akamhamishia babu diski D. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba. C ya walio hai, na huko mtu anaweza kufutwa. D ya marehemu, na huko hafutwi mtu. Kila tulipotoka kuzika, awe ndugu au jirani, baba alikaa kwenye kiti chake akamhamisha. Mtaa mzima ulijua. Sisi watoto tulipofungua D tulishusha sauti, bila kuambiwa na mtu.

Sasa, tulikuwa na jirani, mama mmoja aliyeuza maandazi, mcheshi kupita kiasi. Baba alikuwa amerekodi video ya sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na humo jirani alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Hakuna kitu kilichokuwa kizito kama video ile kwenye C, lakini nani angeifuta? Mwenyewe alikuja kujitazama karibu kila wiki. Halafu akaumwa, akalazwa hospitali ya Kitete, na habari zilizokuwa zikifika mtaani hazikuwa nzuri. Wakati huo huo baba alipewa kazi ya kurekodi kwaya ya Pasaka, na C haikuwa na nafasi. Akaihamishia video ya jirani kwenye D. Hakumwambia mtu. Kwake yeye fundi, diski ni diski.

Jirani akapona. Alikuja amekonda, nguo zinamcheza mwilini, mkononi ana bakuli la maandazi ya moto, anataka kujiona anavyocheza. Baba akafungua C, video haimo. Akafungua D haraka haraka, kama mtu anayepita uchochoroni asionekane. Lakini jirani alikuwa amesimama nyuma yake.

"Fundi. Hapo si kwa marehemu?"

Baba akajikuna shingo. "Ni nafasi tu, dada. C ilikuwa imejaa."

"Nafasi! Mimi niko Kitete nakunywa uji, wewe huku umeshanizika?"

Bibi akamtazama mwanawe. "Udongo ulitupa peke yako, au uliwaita watu?"

Jirani ndiye aliyeanza kucheka, sote tukafuata. Lakini alipomaliza kucheka hakuketi. "Nirudishe," alisema. "Leo hii. Sinywi chai kwenye nyumba hii mpaka nirudi kwa wazima."

Sasa C ilikuwa imejaa kwaya, na kwaya ni kazi ya watu. Baba akatuuliza nani yuko tayari picha zake zikae D kwa muda. Kaka yangu alishika kiti kwa mikono miwili kama vile angebebwa yeye. Baba akasema basi, lazima kitu kifutwe, na kiwe kikubwa kama video yenyewe. Zilizokuwa nyingi ni zetu sisi, hasa za mama, maana tangu apate kamera alikuwa amezoea kumpiga yeye.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi.

"Futa zangu," alisema. "Mimi nipo hapa hapa. Utanipiga nyingine."

Ikawa hivyo. Baba akafuta, akamwaga na lile pipa la taka la kompyuta, maana bila kulimwaga nafasi hairudi. Halafu akaanza kumrudisha jirani, na kazi hiyo ilikwenda polepole, maandazi yakaisha, chai ikachemshwa upya. Mwisho jirani akatokea kwenye C anacheza. Mama alicheka kuliko wote. Nakumbuka hilo vizuri, na hakuna aliyempiga picha.

Na hakupigwa nyingine. Si kwa ubaya. Kamera iliharibika kiangazi kile. Simu zilipokuja, mama ndiye aliyezishika kuwapiga wengine, na ukimgeuzia yeye anasema subiri kwanza nivue kanga ya jikoni. Akiivua, watu wameshatawanyika. Jirani yu hai mpaka leo, ndiye aliyesimamia vyungu vyote vya msiba wa mama.

Nimepekua C yote, folda kwa folda. Kwaya, harusi za watu ambao sasa wana wajukuu, barabara ya miembe iliyopandwa enzi za misafara ya Ujiji, ambapo maharusi wote wa mjini walipenda kusimama. Mama nimempata mara chache. Mkono wake ukimimina chai. Mgongo wake bombani. Na moja yenye uso, yenye ukungu, amegeuka ghafla mdomo wazi. Nikamwita baba. Akavaa miwani, akainama.

"Anacheka?"

"Sijui, baba. Nadhani anasema kitu."

Akaitazama sana. "Anasema niache, nina kazi," akasema. Akavua miwani. "Hii haitundikiki."

Barabarani bodaboda zilipita. Siku hizi kila mjukuu anakuja hapa na picha elfu kwenye simu yake, na hakuna anayemuuliza mwenzake ikae au ifutwe. Zinakaa tu, mpaka simu inaanguka kwenye maji, na siku hiyo hakuna anayejua kilichopotea. Jumapili zetu ziliondoka na bibi. Yeye mwenyewe yumo D, karibu na babu, baba alimpeleka kwa mkono wake. Wote wamo huko. Mama peke yake ndiye aliyekuwa bado C, kati ya walio hai, na sisi wawili tulikuwa tunalijua hilo tangu siku ya maziko bila kulisema.

"Mhamishe," baba akasema.

Akavuta kiti karibu na changu. Akaweka kikombe chake cha chai mezani, akajiegemeza akunjue miguu, kwa sababu kwake kumhamisha mtu ni kazi ya kungoja. Nikabonyeza. D ikatafuna mara moja, ikanyamaza. Hata mgongo wa baba ulikuwa haujafika kwenye kiti.

"Nini, imegoma?"

"Haijagoma. Tayari."

Akatazama kioo, akanitazama mimi. "Sasa itawaka vizuri?"

Niliangalia. C ilikuwa nyekundu vile vile.

"Bado, baba," nikamwambia. "Imejaa kama mwanzo. Za mama zilikuwa kidogo mno."