Nati na Nti

Nanunua nati za injini ya boti. Nazihesabu mara mbili. Moja inaniponyoka, inaanguka, na kule kuanguka kunanirudisha darasani.

Mwalimu wetu, mgeni wa bara, aliangusha chaki. "Kwa nini imekwenda chini?"

Nikanyoosha mkono. "Yavutwa ni nti, mwalimu." Kwetu Lamu, nti ndiyo ardhi.

"Nati? Ya baiskeli? Keti, fundi!"

Darasa likaangua kicheko. Kisha akaandika jibu ubaoni: inavutwa na dunia. Nilihesabu waliocheka, nikarudia: thelathini na wanane, na mwalimu tu ndiye hakujua nti ni nini. Sikunyoosha mkono tena.

"Okota nati yako, Fundi," asema mwenye duka. Tulikaa dawati moja.