Ubao wa Buluu kwenye Mnada wa Verna

Verna Tillotson hununua vyumba vya watu bila kuingia ndani. Sheria ya mnada ndiyo hiyo. Mtu akishindwa kulipia chumba alichokodi ghalani kuhifadhia vyombo vyake, wenye ghala hukata kufuli, hupiga picha wakiwa wamesimama mlangoni na kuziweka mtandaoni, kisha akina Verna hugombania kwa simu vitu wasivyowahi kuvigusa. Akishinda ananipigia mimi, kwa kuwa ndimi jirani mwenye pikapu na asiye na akili ya kukataa.

Alipika miaka mingi katika shule ya msingi hapa Chillicothe, na mpaka leo anaongea na mimi kana kwamba nyuma yangu kuna foleni ya watoto. Gereji yake imejaa vyombo vya watu wengine. Kila kimoja anakifuta, anakipiga picha, anakiuza tena mtandaoni. Hajawahi kupata mnunuzi wa kumlalamikia, na sifa hiyo anaionea fahari mno. Kuna jambo moja tu ambalo simcheki. Picha za familia, vyeti, majivu ya marehemu, hivyo hauzi. Anavirudisha ofisini kwa wenye ghala ili mwenyewe aje avichukue. Ni desturi ya wanunuzi wote, lakini wengi huvitupa tu pale kaunta. Verna huvipanga kwenye boksi na kulifunga kwa utepe.

Mwezi wa nne alishinda chumba kimoja kwenye ghala la barabara ya Waverly. Tulikuta kochi, mashine ya kufulia, maboksi ya sahani na picha, na ubao mrefu wa fremu ya mlango, wa buluu iliyobanduka, umefungwa kwa blanketi.

"Huu niutupe kwenye kuni?" nikauliza.

"Kuni? Orville, una wazimu? Huoni rangi ilivyobanduka vizuri?"

Msicheke. Huku kwetu watu hulipa pesa nzuri kwa mbao zilizochoka, wakazitundika sebuleni wageni wazisifie. Mbao mpya hakuna anayeitazama. Ndiyo maana hata lile blanketi halikutushtua, tulidhani mwenyewe alikuwa akiilinda rangi. Verna akaulaza ubao kwenye nyasi, buluu juu, akaupiga picha, akautia mnadani.

Wapambaji wa nyumba wakauvamia. Lakini kati yao alikuwamo mtu mmoja ambaye hakuwahi kununua kitu chochote. Kila akipitwa bei, anaongeza kile kiasi kidogo kabisa kinachoruhusiwa. Anapitwa tena, anaongeza tena.

"Huyu hana pesa," Verna akasema, amekaa barazani kwangu, simu karibu imguse pua. "Mwenye pesa haongezi hivi."

"Basi atachoka."

"Hachoki, wewe mzee! Ndicho kinachonikera."

Akamwandikia kumuuliza ubao huo anautakia nini. Jibu likaja kabla kahawa yetu haijapoa, na lilikuwa neno moja tu: "Ugeuze."

Tukaenda gereji, tukaugeuza. Upande wa pili, uliotazama ndani ya chumba, haukuwahi kupakwa rangi. Ulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na pembeni ya kila mstari jina lile lile, Corwin, na umri wake. Miaka miwili. Mitatu. Mistari ikapanda hivyo hadi miaka tisa, ikaishia hapo. Juu yake ubao ulibaki mtupu, na ulikuwa bado mrefu.

Nyumba nyingi za huku zenye watoto zina mlango wa namna hiyo, wa kuchorea kimo cha mtoto kila mwaka. Hata mimi ninao. Verna akajiweka juu ya mashine ya kufulia, akafunika mdomo kwa mkono.

"Picha nimemrudishia," akasema. "Nimezifunga na utepe, Orville. Halafu mtoto mwenyewe nikamtia mnadani."

"Hukujua."

"Sikugeuza!"

Akaufuta mnada papo hapo. Wapambaji wakamporomoshea matusi, wakamwita tapeli, wakasema amepata bei nono pembeni. Sifa yake ya miaka yote ikachafuka mchana mmoja, naye wala hakusoma matusi yenyewe. Alikuwa akilitafuta lile blanketi, ambalo alikwisha kulifua na kulikunja tayari kuliuza.

Yule wa kuongeza kidogo kidogo alikuwa Maribeth Haskett, na siku hiyo hiyo tukampelekea ubao kwa dada yake, anakoishi chumba cha nyuma. Alikuwa ametoka nje kabla sijazima injini, mwanamke mwembamba ndani ya sweta la kiume. Akatueleza kwa haraka, kana kwamba sisi ndio tuliostahili maelezo. Nyumba waliiuza kwa ajili ya matibabu ya mtoto, akaung'oa ubao kwa nyundo akauhifadhi. Baada ya mazishi akashindwa kulipia chumba. Boksi la picha alilipata ofisini, na alipoukosa ubao akaanza kupekua wauzaji wote wa mtandaoni wa upande huu, mpaka akaiona ile buluu.

"Sasa mbona hukuniambia tu, mwanangu?" Verna akauliza.

"Niliogopa utapandisha bei."

Nikausimamisha ubao ukutani. Maribeth akaweka kiganja juu ya mstari wa mwisho, mahali ambapo kichwa kingekuwa, akakiacha hapo.

"Alikuwa mwongo huyu!" akasema, anacheka na machozi yanamtoka. "Kila mwaka anasimama kwa ncha za vidole. Namwona kabisa, namwachia, nachora tu."

Mistari ya miaka minane na tisa ilikuwa karibu kugusana. Akapitisha kidole katikati yake.

"Huu wa juu ndio peke yake wa kweli. Siku hiyo hata kusimama hakuweza. Nilimshikilia kwa mkono mmoja, nikachora kwa mwingine."